Sindano ya mgongo haikati ugwe

Wengi hukataa kutolewa maji ya uti wa mgongo kwa ajili ya kipimo wakiamini sindano itakata neva kuu na kuwapoozesha miguu. Hofu hiyo inaeleweka, ila imejengwa juu ya dhana kwamba ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, hushuka hadi mwisho wa mgongo.

Haufiki huko. Kwa mtu mzima, ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini yake, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Kati ya jozi 31 za neva zitokazo kwenye ugwe, zile za chini ndizo zilizopo hapo. Huning'inia ndani ya maji kama mkia wa farasi, na kwa kawaida husogea zikiguswa. Ukihisi mshtuko mfupi mguuni, sema papo hapo ili sindano irekebishwe.

Kinachosumbua zaidi ni kichwa kuuma ukikaa au kusimama, kwa sababu maji huendelea kuvuja kwenye tundu. Sindano nyembamba isiyo na ncha ya kukata hupunguza tatizo hilo.

Hatari kubwa ni nadra, lakini ipo: kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvujia ndani na kuzikandamiza neva. Dawa hizo zitajwe mapema, tafadhali. Na mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo akibaki na ulemavu, aghalabu ni ugonjwa wenyewe uliomdhuru, wala si kipimo.