Je, wajua? Kwa nini Wamarekani waliandamana 2016, na aliyelalamikia kura haramu akawa mshindi mwenyewe

Uchaguzi wa rais, Donald Trump dhidi ya Hillary Clinton, ulikuwa Novemba 8, 2016, na kesho yake tu maelfu ya watu wakajaa mitaani New York, Chicago, Los Angeles, Oakland, Portland, wanapiga kelele kwamba Trump si rais wao. Ukiziona zile picha harakaharaka unasema basi, hawa wameibiwa kura. Hapana. Hillary Clinton alishakubali kushindwa asubuhi ileile, na aliyekuja kudai kwamba mamilioni ya kura zilipigwa kinyume cha sheria ni Trump mwenyewe, mshindi, tena bila ushahidi wowote. Waandamanaji wengi walikuwa wanamkataa mtu na maneno yake kuhusu wahamiaji, Waislamu na wanawake, hawakuwa wanabishana na hesabu.

Ila hesabu nayo ikaja kuwapandisha hasira, maana California walihesabu kwa wiki kadhaa na kila siku Clinton anazidi kupaa, mpaka mwisho akawa mbele kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima. Na bado kashindwa!

Hapa fikiria ligi ya mpira. Ukishinda 7-0 unapata pointi tatu, na aliyeshinda 1-0 naye anapata tatu zilezile. Clinton aliipiga California saba bila, zaidi ya kura milioni 4 mbele, akapewa wajumbe 55 (hao wajumbe wa majimbo ndio wanaomchagua rais), na hata angeshinda kwa kura moja angepewa haohao 55. Trump akashinda kamoja kamoja Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, tofauti ya zote tatu ukijumlisha haifiki kura 80,000, akabeba wajumbe 46. Anayefikisha 270 kati ya 538 kamaliza kazi. Ni majimbo ya Maine na Nebraska tu ndo yanawagawa wajumbe wao kidogo, kwingine mshindi anabeba wote.

Lakini usikimbilie kusema kwamba kwa kura za jumla Clinton angeshinda, kwa sababu timu inayojua mabao hayahesabiwi haihangaiki kutafuta la nane. Trump hakupoteza muda California, na kanuni zingekuwa tofauti kampeni nazo zingekuwa tofauti.

Sasa kuna hii, ambayo binafsi naipenda kuliko zote. Wajumbe wenyewe hupiga kura Desemba, kwa hiyo mamilioni ya watu wakasaini ombi la kuwataka wamtose Trump, na siku yenyewe, Desemba 19, wengine wakaandamana nje ya majengo ya serikali za majimbo. Wajumbe saba kweli wakaasi. Wawili walimkimbia Trump, watano wakamkimbia Clinton! Colin Powell, waziri wa zamani wa mambo ya nje ambaye hata hakugombea, akaokota kura tatu na kushika nafasi ya tatu, zote kutoka jimbo la Washington, ambako waasi walipigwa faini ya dola 1,000 kila mmoja, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema jimbo lina haki ya kuwaadhibu.