Saa zako si alama

Safari hii aliyeniuliza si mwanafunzi, ni mhadhiri mwenzangu: "Huyu kijana kamaliza saa zote za huduma kwa jamii, tena kiongozi wa kikundi kamsifia. Mbona umempa C?" Kozi yenyewe ni ya kujifunza kwa huduma: mwanafunzi anaihudumia jamii ili ajifunze somo lake. Nimechoka kulijibu swali hili koridoni. Naliandika hapa, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Alama za kozi hutolewa kwa kilichojifunzwa. Jeffrey Howard wa Chuo Kikuu cha Michigan aliiweka kanuni hii ya kwanza kabisa alipoandika juu ya kozi za aina hii mwaka 1993, na bado tunabishana. Fomu ya mahudhurio yenye mhuri inathibitisha kwamba mtu alikuwepo. Hata viti vilikuwepo.

Tofauti ya kozi hizi na kujitolea, au na mafunzo ya vitendo kazini, naipitia haraka: kwenye kujitolea anayelengwa ni anayehudumiwa, kwenye mafunzo ya vitendo ni mwanafunzi, huku kwetu lazima wote wawili wapate.

Sasa linalonikera. Chukua kozi ya uhasibu. Wanafunzi wanapelekwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, wasaidie kutunza vitabu. Mmoja anaandika kwenye shajara: "Nilifurahi kuwasaidia wanachama, nimejifunza umuhimu wa kushirikiana." Mwingine anaandika kwamba kikundi kilijiona kina faida, kumbe kila rejesho liliingizwa lote kwenye safu ya mapato, mkopo wenyewe pamoja na riba. Fedha iliyotoka sandukuni ikirudi inahesabiwa chumo! Haishii hapo. Anajiuliza kwa nini mweka hazina, ambaye kwa hesabu za kichwa anamwacha mbali, alilipanga daftari vile. Anagundua lilipangwa kujibu swali la wanachama, nani kalipa na nani bado, na kwa swali hilo halikuwa na kosa. Likiulizwa kuna kiasi gani cha kugawana, ndipo linapodanganya. Huyu kasoma uhasibu, hata kama saa zake ni chache kuliko za mwenzake.

Lakini tafakari ya namna hiyo haiji yenyewe. Wenzangu wanaweka swali moja mwisho wa muhula, "Eleza ulivyojisikia," halafu wanashangaa kupokea barua za shukrani. Uliza swali linalomlazimisha kufungua daftari la kikundi na kitabu cha kozi kwa pamoja. Na uliulize mapema, wakati bado kuna cha kurekebisha.

Yapo yanayoninyima usingizi. Ninachosahihisha ni maandishi, na mwenye kalamu nzuri anaweza kubuni tafakari akiwa kitandani. Kumhoji ana kwa ana kunasaidia, ila darasa likiwa kubwa hilo ni ndoto. Zito zaidi ni hili: jamii inapata nini hasa? Mwaka 1968 mwanafikra Ivan Illich aliwaambia usoni vijana wa Marekani waliojiandaa kujitolea Mexico kwamba waje kutembea, waje kusoma, ila wasije kusaidia. Sikubaliani naye moja kwa moja, lakini kila muhula unapoanza ananirudia. Mwenyeji anaacha kazi zake kuwaelekeza wanafunzi; wakishaanza kuelewa, mitihani imefika, wametoweka. Sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba tumehudumia. Yeye hatujamuuliza imemgharimu nini, na nashuku wengi wetu hatuulizi kwa sababu jibu tunalihisi.

Kwa hiyo siku hizi sipitishi muhtasari wa kozi mpaka nione imeandikwa nani ataendelea na kazi wanafunzi wakiondoka. Nikijibiwa "kundi la muhula ujao", nauliza tena: na likizo je?