Nguvu tendaji: maana yake, na jeraha linatoka wapi

Mazoezi ya nguvu tendaji ni yale yanayoujenga mwili kwa miendo unayoihitaji hata nje ya jimu: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama na kunyanyua mzigo, kusukuma, kuvuta, kupiga hatua ndefu, kubeba na kutembea. Anayeinua ndoo ya lita 20 kutoka chini hadi kichwani ametumia karibu nusu ya miendo hiyo kwa mara moja. Kwenye mashine ya jimu unakaa, mgongo umeegemea, na msuli mmoja au miwili ndiyo inayofanya kazi. Kwenye zoezi tendaji hakuna cha kuegemea. Kifundo cha mguu, goti, nyonga, kiuno na bega vinafanya kazi pamoja, na kuuweka mwili sawa ni sehemu ya zoezi lenyewe.

Faida yake ni kubwa, hasa umri unaposogea. Kuinuka kwenye kiti kifupi bila kushika kitu, kupanda ngazi na mfuko wa mchele mkononi, kujizuia usianguke ukijikwaa: hizo ndizo nguvu zinazozungumziwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mazoezi haya ni ya hatari, muulize anasema kuhusu miendo au kuhusu kasi. Kwenye mazoezi makali ya kikundi vitu hivyo viwili vimeunganishwa, na havina hatari sawa.

Mfano unaojulikana zaidi ni CrossFit, iliyoanzishwa California mwaka 2000 na Greg Glassman na Lauren Jenai. Wenyewe wanayaeleza mazoezi yao kuwa ni miendo tendaji, inayobadilishwa kila mara, inayofanywa kwa ukali wa juu. Zoezi lao maarufu, Fran, lina vitu viwili tu. Unachuchumaa na chuma cha pauni 95 (takriban kilo 43) mabegani, unainuka na kukisukuma juu ya kichwa. Kisha unajivuta kwenye bomba. Wanawake hutumia pauni 65. Kila kimoja unakifanya mara 21, halafu 15, halafu 9, huku saa inahesabu, muziki uko juu na wenzako wanakupigia kelele umalize. Waliobobea humaliza kwa chini ya dakika 3.

Kinachobadilisha mambo hapo ni saa. Chukua dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usawa wa mapaja. Mara ya kwanza chuma kinapita karibu kabisa na ugoko, nyonga na mabega vinapanda pamoja, mgongo umenyooka, na kazi kubwa inafanywa na mapaja na makalio. Ikifika mara ya 14 au 15 mapaja yameshachoka, na nyonga zinaanza kupanda kabla ya mabega. Mgongo unajikunja. Chuma kinasogea mbele sentimita chache, na kadiri kinavyokuwa mbali na mwili ndivyo kiuno kinavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi ili kushikilia uzito uleule. Hakuna aliyeongeza kilo hata moja. Kilichoongezeka ni uchovu, na saa haimpi mtu nafasi ya kusimama, kuvuta pumzi na kujipanga upya. Kiuno kinaumia hapo.

Kuna jambo ambalo walimu wengi wa mazoezi ya kikundi hawalizingatii. Mtindo wa Tabata, sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika, umepata jina kutoka kwa mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata, na utafiti wake wa mwaka 1996 ulifanyika juu ya baiskeli za mazoezi, zile zisizotembea. Ukichoka kwenye baiskeli hiyo, miguu inapunguza kasi tu. Pedali zinazunguka njia ileile. Leo sekunde hizohizo zinatumika kurukia maboksi, kurusha ketibeli (chuma cha mviringo chenye mpini), kujilaza chini na kuinuka. Ukichoka hapo, mwili unatafuta njia nyingine ya kumaliza raundi, na mara nyingi mzigo unaishia kwenye kiungo ambacho hakikuandaliwa kuubeba.

Watu wanaumia kiasi gani hasa? Utafiti mmoja wa mwaka 2013 ulikadiria majeraha 3.1 kwa kila saa 1,000 za CrossFit. Kwa mtu wa saa 3 kwa wiki, hilo ni kama jeraha moja kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2018 ulitoka uchunguzi mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 3,000, na kiwango chake kilikuwa chini ya jeraha 1 kwa saa 1,000. Ukilinganisha na kukimbia, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipata majeraha 17.8 kwa saa 1,000 kwa wanaoanza kukimbia, na 7.7 kwa wakimbiaji wa kawaida. Kwa hiyo anayekimbia na klabu ya jogging kila Jumapili asubuhi asidhani yuko salama kuliko mwenzake wa jimu.

Takwimu hizi za CrossFit nyingi zinatokana na dodoso, na aliyeumia akaacha kabisa huenda hayupo tena wa kujibu. Upande wa wanaoonyesha CrossFit kuwa hatari nao umewahi kukosea vibaya: makala moja ya mwaka 2013 ilidai kwamba asilimia 16 ya washiriki wa mazoezi ya mtindo huo waliacha kwa sababu ya kuumia au kuchosha mwili kupita kiasi. Takwimu hizo zilikuja kuonekana si za kweli, na makala ikaondolewa mwaka 2017.

Kwangu mimi, la maana zaidi ni nani anaumia na wapi. Uchunguzi wa watu 386 uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikuta bega linaongoza, likifuatiwa na kiuno, kisha goti. Mabega yaliumia zaidi kwenye miendo ya kujivuta na kuning'inia, viuno kwenye kunyanyua vyuma, na majeraha yalikuwa machache pale kocha aliposhiriki kusimamia. Ule wa 2018 uliona hatari zaidi kwa walio katika mwaka wa kwanza na wanaofanya chini ya siku tatu kwa wiki.

Suala la bega linaeleweka ukitazama kujivuta kwa kubembea, ambako mtu anautupa mwili mbele na nyuma ili apate marudio mengi haraka. Kila anaporudi chini, bega linapokea uzito wake wote kwa mshtuko. Ambaye hawezi kujivuta taratibu walau mara 5, bila kubembea, hajawa tayari, na kocha mzuri atampa mkanda wa mpira unaovutika wa kumsaidia au bomba la chini badala ya kumwachia afuate wengine. Kocha wa namna hiyo hupunguza kilo za mtu katikati ya raundi mara anapoona mgongo unajikunja, hata mwenyewe akinuna.

Liko pia tatizo lisilo la kawaida ila la kuogopwa, liitwalo rabdomayolisisi: misuli iliyolazimishwa kupita kiasi inavunjika, na protini yake inaingia kwenye damu hadi kwenye figo. Linawapata hasa wageni na wanaorudi baada ya mapumziko marefu, zaidi kukiwa na joto na maji yakiwa yamepungua mwilini. Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya kulijua vizuri. Utafiti wa mwaka 2016 kwa wanajeshi weusi karibu 48,000 wa Marekani ulionyesha kwamba waliorithi jeni la selimundu (sickle cell) kutoka kwa mzazi mmoja, bila kuugua wenyewe, walikuwa na hatari ya tatizo hili iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 54. Watu wenye hali hiyo ni wengi huku, na wengi hawajawahi kupima.

Maumivu ya kawaida ya misuli hupungua siku ya tatu au ya nne, na mkojo haubadiliki. Mikono au mapaja yakivimba na kukosa nguvu, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi au kola, nenda hospitali siku hiyohiyo, ueleze ulifanya zoezi gani na lini. Usipitie kwanza duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo huzidi kuzielemea figo ambazo tayari zina shida.