Je, wajua kwa nini mwiba wa nyuki huendelea kusukuma sumu baada ya nyuki kuondoka?

Karibu kila aliyekulia mahali penye mizinga, au penye mwembe uliohamiwa na kundi la nyuki, amesikia onyo hili: ukiumwa na nyuki usiubane mwiba kwa vidole, kwa maana utaikamua sumu iliyobaki na kuiingiza mwilini; tafuta kisu butu au kadi ngumu, uukwangue kutoka ubavuni. Onyo hilo limefundishwa kwa miaka mingi katika huduma ya kwanza, na lina sura ya ukweli, kwa sababu mtu akiutazama mwiba uliobaki kwenye ngozi ataona kifuko kidogo cheupe kikiwa juu yake, na fikra ya kwanza inayomjia ni kwamba kifuko kikibanwa, kilichomo kitamiminikia ndani. Hata hivyo, sumu ya nyuki haitoki kwa namna hiyo. Kifuko chenyewe hakisukumi chochote, na anayezunguka nyumbani akitafuta kisu anaipa sumu nafasi ya kuingia yote.

Anayeuma ni nyuki mfanyakazi, naye ni jike. Dume hana mwiba kabisa, kwa kuwa mwiba ulitokana na kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika kwa vizazi vingi. Malkia anao, lakini hauna meno makali kama ya wafanyakazi wake, hivyo anaweza kuuchomoa na kuutumia tena.

Mwiba wa mfanyakazi una urefu wa milimita 2 hivi, na kile kinachoonekana kuwa sindano moja ni vipande vitatu vilivyoshikamana. Kimoja ni mfereji mgumu, na viwili vilivyobaki ni vipande vyembamba vinavyoteleza mbele na nyuma kando ya mfereji huo, kila kimoja kikiwa na meno yanayoelekea nyuma. Mwiba ukishaingia katika ngozi ya mtu, ambayo ni laini na huvutika, meno hayo hunasa, na nyuki anapojaribu kuruka hupasuka tumbo. Mwiba hung'oka pamoja na kifuko cha sumu, misuli inayoviendesha vile vipande viwili, na fundo la neva linaloiamuru misuli hiyo. Hapa ndipo penye ajabu yenyewe: kinachobaki kwenye ngozi ni kiungo kizima chenye misuli na amri zake, kinachoweza kufanya kazi bila kichwa cha nyuki na bila nyuki mwenyewe.

Ili kuielewa kazi hiyo, tufikirie pampu ya mkono kwenye kisima cha kijiji. Mpini ukishushwa, nondo iliyo ndani ya bomba hupanda ikiwa na pistoni ambayo vali yake imefunga, na maji yaliyo juu ya pistoni hubebwa hadi mdomoni mwa pampu. Mpini ukipandishwa, pistoni hushuka huku vali ikiwa wazi, ikapita katikati ya maji bila kuyarudisha. Kuta za kisima hazina sehemu katika kazi hiyo. Mtu anaweza kuikanyaga ardhi iliyo juu ya kisima kutwa nzima na tone lisitoke, lakini mtoto akishika mpini, ndoo itajaa.

Kifuko cha sumu ndicho kisima, na kuta zake hazina misuli ya kukikamua. Pampu iko chini yake, katika sehemu pana ya mfereji, ambamo kila kimoja cha vile vipande viwili kina vali yake. Kipande kikisogea mbele, vali hutanuka na kuisukuma sumu kuelekea ncha ya mwiba; kikirudi nyuma, vali hujikunja na kuiacha sumu mpya ipite. Kwa kuwa vipande ni viwili na hupokezana, sumu husukumwa karibu bila kukoma. Kupokezana huko kuna kazi ya pili pia: meno ya kipande kimoja yanaposhika nyama, kipande cha pili hupata pa kujiegemeza na kusonga mbele, kisha nacho hushika na kumpisha mwenzake, hivyo mwiba huzidi kuzama bila mkono wa kuusukuma. Anayeuangalia kwa karibu, hasa akiwa na kioo cha kukuzia, ataona sehemu iliyobaki juu ya ngozi ikichezacheza.

Swali la muda lilipimwa nchini Marekani. Mwaka 1994 watafiti walichunguza kasi ya sumu kutoka katika miiba iliyong'oka, wakakuta kwamba angalau asilimia 90 ya sumu ya kifuko hutoka katika sekunde 20 za kwanza, na kwamba kazi yote huisha ndani ya dakika moja. Miaka miwili baadaye, Kirk Visscher na Richard Vetter wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, pamoja na Scott Camazine wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililoligusa lile onyo moja kwa moja. Watu waliumwa na nyuki kwa makusudi, kisha mwiba ukaondolewa ama kwa kukwanguliwa ama kwa kubanwa na kuvutwa, na uvimbe uliotokea ukapimwa ukubwa. Kati ya njia hizo mbili haikuonekana tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni muda, kwani kadiri mwiba ulivyochelewa kuondolewa, hata kwa sekunde chache tu, ndivyo uvimbe ulivyokuwa mkubwa.

Ni haki kuongeza kwamba jaribio hilo lilikuwa dogo, na kwamba kilichopimwa ni upana wa uvimbe wa mwanzo, wala si maumivu ya usiku wala mzio wa siku zinazofuata. Lakini matokeo yake yanakwenda sambamba na umbile la mwiba, na ushahidi wa aina mbili unaoelekea upande mmoja una uzito kuliko onyo lililorithiwa bila kupimwa. Ukucha wa mtu huwa naye daima. Kadi iko mfukoni au ndani ya mkoba, na kisu kiko jikoni. Kwa hiyo ubane, uukwangue au uuparuze, mradi utoke sasa hivi.

Kuna jambo moja tu linaloweza kutangulia, nalo ni kuondoka karibu na mzinga. Mwiba ulionasa hutoa harufu ya tahadhari, ambayo kiambata chake kikuu, isoamili asetati, kilitambuliwa mwaka 1962 na hunukia mfano wa ndizi mbivu. Harufu hiyo huwaonyesha nyuki wengine mahali pa kuuma, na ndiyo sababu mtu aliyeumwa mara moja akabaki pale pale mara nyingi huumwa tena karibu na jeraha la kwanza. Warina asali hutumia moshi kwa sababu, pamoja na mambo mengine, hudhoofisha uwezo wa nyuki kuitambua harufu hiyo. Asiye na moshi na akimbilie ndani ya nyumba au gari huku akiifunika sura yake, na asijitumbukize mtoni au bwawani, kwani nyuki wanaweza kumsubiri hapo juu mpaka atoe kichwa kuvuta pumzi.

Mwiba ukishatoka, mahali pale paoshwe kwa maji na sabuni. Hapa ndipo dawa za jirani zinapoanza kumiminika: magadi, siki, dawa ya meno, kitunguu, tumbaku, na hata mafuta ya taa. Hoja inayotolewa zaidi ni kwamba sumu ya nyuki ni asidi, kwa hiyo magadi huituliza, na kwamba sumu ya nyigu ni kinyume chake, kwa hiyo hutulizwa na siki. Ni kweli kwamba sumu ya nyuki ina asidi kidogo. Lakini maumivu na uvimbe havitokani na asidi hiyo. Hutokana hasa na protini zake, na kubwa kuliko zote ni melitini, ambayo ni karibu nusu ya sumu iliyokaushwa na hutoboa kuta za seli. Tena sumu hiyo haiko juu ya ngozi. Iko ndani, imeshasambaa kati ya seli, mahali ambapo magadi yaliyopakwa juu hayafiki kwa kiasi cha maana. Magadi na siki kwa kawaida havidhuru, na mtu akihisi nafuu sina ugomvi naye. Mafuta ya taa, kinyume chake, huunguza na kuwasha ngozi, na kuchanja kwa wembe huongeza jeraha na kufungua njia ya vijidudu.

Kinachosaidia ni cha kawaida sana. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, au kitambaa kilicholowekwa maji baridi, iwekwe hapo kwa dakika 10 hadi 20 na kurudiwa, kwa kuwa baridi hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza hisia za maumivu. Pete na bangili zivuliwe mapema ikiwa ni mkono ulioumwa, maana saa chache baadaye huenda zisitoke. Mkono au mguu uinuliwe. Parasetamoli hutuliza maumivu. Kwa muwasho, vidonge vya mzio kama setirizini, au klorfeniramini ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, hutumika sana, pamoja na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ingawa ushahidi uliopimwa vizuri juu ya dawa hizi kwa mtu aliyeumwa na nyuki si mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri imetokana na uzoefu wa kutibu mizio mingine. Piriton huleta usingizi, kwa hiyo anayeendesha pikipiki au mashine aiepuke, na kipimo cha mtoto kiulizwe kwa mfamasia.

Hayo yote ni ya uvimbe unaobaki mahali pamoja. Mambo hubadilika mwili mzima unapoitikia. Vipele vinavyowasha vikitokea mbali na jeraha, midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka, pumzi ikibana au kukoroma, mtu akitapika, akipata kizunguzungu au kuzirai, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja, huo ni mzio mkali na nyumbani si mahali pake. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na Piriton haiwezi kuchukua nafasi yake. Wakati gari linatafutwa, mgonjwa alazwe miguu ikiwa juu, au akae ikiwa pumzi ndiyo inayomsumbua, na asiachwe atembee. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni apelekwe pia, kwa sababu uvimbe mdogo tu unatosha kuziba njia ya hewa, na vivyo hivyo aliyeumwa na makumi ya nyuki, hasa mtoto, hata akijisikia vizuri, kwa kuwa sumu nyingi inaweza kuharibu misuli na figo katika siku zinazofuata.

Kwa walio wengi, wasiwasi huja kesho yake. Mtu hulala akiwa na uvimbe wa ukubwa wa sarafu, akaamka kiganja kizima kimejaa, chekundu, cha moto, au uvimbe umepanda hadi kiwiko, na familia inakubaliana kwamba jeraha limeingia vijidudu na kwamba atafutiwe viuavijasumu. Mara nyingi sivyo. Baadhi ya seli za ulinzi zilizo chini ya ngozi huitikia sumu papo hapo kwa kumwaga histamini, ambayo huifanya mishipa midogo ivujishe majimaji, na ndiyo asili ya uvimbe wa mwanzo. Kisha seli nyingine huitwa kutoka kwenye damu, nazo huchukua saa nyingi kukusanyika. Kwa baadhi ya watu wimbi hilo la pili ni kubwa, uvimbe ukapita upana wa sentimita 10, ukafikia kilele baada ya saa 24 hadi 48, kisha ukaisha wenyewe ndani ya siku 3 hadi 10. Viuavijasumu havina la kufanya hapo, kwa sababu hakuna kijidudu cha kuua.

Maambukizi ya kweli hutokea, hasa palipokunwa kwa kucha chafu, lakini ratiba yake kwa kawaida ni tofauti. Hayaanzi siku ile ile. Huja baada ya siku kadhaa, mara nyingi uvimbe ukiwa umekwisha kuanza kupungua, na huja na maumivu yanayozidi muwasho, usaha au homa. Njia rahisi ya kuyafuatilia ni kuchukua kalamu na kuchora mstari kwenye ngozi kuzunguka ukingo wa wekundu, na kuandika saa pembeni. Wekundu ukiuvuka mstari siku ya kwanza au ya pili huku mtu akiwa hana homa na kinachomsumbua zaidi ni muwasho, aendelee na kitambaa cha baridi na vidonge vya mzio. Ukiuvuka siku ya tatu au ya nne, au homa ikipanda, aende akaonwe na daktari, na mstari ule usifutwe, kwa kuwa utamwonyesha daktari kasi ambayo wekundu umesambaa.