Ile 1.5 ya mabinti: kabla hatujabishana tupige hesabu

Kila mwaka matokeo ya UACE, mtihani wa kumaliza sekondari ya juu Uganda, yakitoka wazazi hapa Arua, kaskazini magharibi ya nchi, wananiuliza swali lile lile, hata sokoni nasimamishwa: mwalimu, mbona mabinti wanaongezewa pointi 1.5 wakiomba chuo, si ni kuwaonea vijana? Kazi yangu ni kusaidia wanafunzi wa S.6, darasa la mwisho la sekondari, kuchagua kozi na kujaza fomu za vyuo, hesabu hii naipiga mpaka usiku, na naona wengi wanagombana juu ya 1.5 bila kujua ina uzito gani.

A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1. Lakini chuo hakijumlishi hivyo hivyo tu. Masomo mawili yanayotakiwa zaidi na kozi yako yanazidishwa mara 3, la tatu mara 2, halafu Jenero Pepa (karatasi ya maarifa ya jumla) na ICT (kompyuta) au sabumathi (hesabu fupi), ukipasi kila moja inakupa 1. Juu yake wanaweka UCE yako, mtihani wa S.4, kwa gredi za zamani kila distinkshen 0.3, krediti 0.2, pasi 0.1.

Sasa ona. Binti mmoja alikuja na slipu ya matokeo ameikunja mara nne, Bayolojia C, Kemia D, Fizikia D. Tukaandika nyuma ya daftari lake: 12 na 9 na 6, ni 27, weka 2 inakuwa 29, UCE ikamletea 1.9, jumla 30.9. Weka 1.5 ya ubinti, 32.4. Kama ile D ya Kemia ingekuwa C angeongezewa 3 nzima. Kwa hiyo hiyo 1.5 inayopigiwa kelele ni nusu ya gredi moja kwenye somo moja, basi!

Makerere ndio walianza, mwaka 1990, wakati huo wasichana walikuwa kama robo tu ya wanafunzi, leo wanakaribia nusu. Na Katiba ya 1995 kifungu cha 32 inaitaka serikali iwainue waliobaki nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu na mambo mengine ya historia na mila. Marekani wao kwenye kuingiza watu chuoni walikuwa wanaangalia rangi ya mtu, mahakama yao kuu ikakataza mwezi wa 6 mwaka 2023, ila historia yao ni nyingine kabisa, nakuomba usiichukue hukumu ile ukaileta hapa kama ilivyo.

Mimi naiunga mkono 1.5. Binti anayeamka kuchota maji na kupika kabla ya shule, na akipata mimba ni yeye anabaki nyumbani, hiyo nusu ya gredi hajapewa bure.

Lakini kuna kitu kinaniuma. Mwaka huo huo kijana wa darasa lile lile alikuwa na gredi zile zile za UACE, UCE amemzidi binti, 2.6, jumla 31.6. Kozi ikakatiwa 32, aliye chini ya hapo haingii. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi nilikosea wapi?" Nikakosa jibu, kwa sababu hawa wawili walifanya praktiko ya Kemia kwenye maabara moja yenye biureti chache, ile mirija ya kupimia asidi, watoto wakingojeana, na asidi mwalimu anaipima kama dawa ya mtoto. Na binti wa shule kubwa ya Wakiso, kule karibu na Kampala, mwenye biureti yake peke yake na kochingi ya likizo, yeye pia anapewa 1.5 sawasawa na huyu wetu.

Kota ya wilaya, yaani nafasi za chuo zinazotengewa watoto wa kila wilaya, iliyoanza 2005, ilitakiwa izibe hapo. Serikali inalipia wanafunzi kama 4,000 kwa mwaka, karibu robo wanaingia kwa kota, michezo na ulemavu. Wazo zuri sana, ila tangu mwanzo watu wamelalamika kwamba mtoto aliyesoma Kampala miaka yote anarudi kuomba nafasi ya wilaya ya babu yake, na mimi mwenyewe nimeshapelekewa fomu ya mtoto ambaye hapa kijijini hata hajulikani, nikakataa kumsaidia.

Kwa maoni yangu tuiache 1.5, halafu tuhesabu na shule mtoto alikofanyia mtihani, ina maabara gani, walimu wa sayansi wangapi. UNEB, baraza la mitihani, wana namba ya kila senta ya mtihani, wizara inajua shule zake. Yule kijana amerudia S.6, mwezi wa 11 anakaa tena praktiko ya Kemia, maabara ni ile ile.