Kwa nini mshindani wa masafa mafupi hakusalimii, na wa VHF hakuachi uende?

Ukisikiliza shindano la redio ya ridhaa (ya wanaotuma kwa kupenda, si kwa biashara) kwenye masafa mafupi utasikia kitambulisho, namba, kwaheri. Kwenye VHF, yaani MHz 30 hadi 300, watu wanaulizana antena imeelekea wapi, wanasubiriana, wanapeana miadi. Wengi huhitimisha kwamba wale wana kiburi na hawa hawana kazi. Sivyo. Mara nyingi ni mtu yule yule, wikiendi tofauti. Kinachombadilisha tabia ni namna alama zinavyohesabiwa.

Chukua CQ World Wide, shindano la masafa mafupi la dunia nzima: saa 48 kuanzia saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa zetu, sauti mwishoni mwa Oktoba, Morse mwishoni mwa Novemba. Aliyeko Tanga hutuma 59 na 37, namba ya kanda yetu. Hiyo 59 maana yake “nakusikia vizuri kabisa”, na hutolewa hata kwa mtu uliyemwomba arudie mara nne. Kila kituo cha bara jingine ni alama 3. Nchi na kanda mpya huzidisha jumla, kwa hiyo Mzungu akisikia 5H, mwanzo wa vitambulisho vya Tanzania, anakimbilia. Vituo vikubwa hupita mawasiliano 200 kwa saa, yaani sekunde 18 kila moja. “Habari za huko?” inaweza kukugharimu kituo kizima.

VHF haina umati huo. Mawimbi ya masafa mafupi hupindwa na ionosfea, tabaka la juu la angahewa, na kurudi chini maelfu ya kilomita mbele. Ya MHz 144 kwa kawaida hupenya yakaenda zake angani. Upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Milingoti miwili ya mita 9 inaonana kwa kilomita 25 hivi, na kutoka Bagamoyo hadi mjini Unguja ni kama 45. Ila upeo si ukuta: kwa SSB (namna ya kutuma sauti inayosikika hata ikiwa dhaifu) na Yagi nzuri (antena inayoelekezwa upande mmoja) mawimbi hujipinda na kutawanyika, yakafika yakiwa dhaifu. Hewa ya baharini ikijipanga kwa matabaka hufika mbali zaidi, lakini hilo si la kuwekea ratiba.

Fikiria soko la samaki. Wa masafa mafupi ni dalali wa mnada: anasimama mahali pamoja, anaita, wanaopaza sauti ni wengi. Wa VHF ni mchuuzi wa baiskeli mwenye wateja kumi. Hawezi kuwaharakisha, kwa sababu baada ya dagaa atawauzia pweza: akishakupata MHz 50 atakuomba mwende 144, kisha 432, maana kila bendi huhesabiwa upya.

Katika shindano la Septemba la IARU (umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa) Kanda ya 1, ambayo Tanzania imo, kila kilomita kwenye mita 2 (MHz 144) ni alama moja, kwa saa 24. Kituo kimoja cha mbali kinashinda majirani kumi, hivyo dakika tano za kumvizia si uvivu. Mashindano ya Marekani huzidisha jumla kwa idadi ya miraba ya ramani uliyoipata, na kwa kanuni hiyo Bagamoyo, Unguja mjini na Dar es Salaam zingekuwa mraba mmoja tu, KI93. Tanga na Chake Chake ziko KI94. Ndiyo maana watu wa VHF hupanda milima: ukingo wa mita 900 kule Amani una upeo wa kilomita 124.

Anayetoka masafa mafupi huangushwa na vitu viwili. Kwanza, antena iliyosimama wima kama ya FM, wakati wa SSB hulaza zao; tofauti hiyo hula desibeli 20 hivi, yaani hubaki sehemu moja ya mia ya nguvu. Pili, waya: mita 20 za RG-58, waya mwembamba wa antena, hupoteza kama desibeli 1 kwenye MHz 14, lakini kama 4 kwenye 144, yaani zaidi ya nusu ya nguvu huishia njiani. Weka RG-213, iliyo nene zaidi, na uikate fupi.