Karavani Nullarbor: wasemayo watu, na tuliyoyakuta

Wifi yangu wa Tanga alipoona picha ya kijumba chetu cha magurudumu kimeungwa nyuma ya gari, aliuliza mambo mawili kwa mpigo: "Wifi, huko porini mnalala na nyoka? Na kwani nyumba mmefukuzwa?" Tangu mimi na Baba Zuhura tuvuke Nullarbor, nyika kubwa ya kusini mwa Australia, mwezi Julai, kutoka Adelaide hadi Perth, kilomita 2,700 hivi, maswali hayo hayajakoma.

La kufukuzwa nilimalize. Wanaojaza barabara za Australia wakati wa baridi wengi ni wastaafu wenye nyumba zao. Wenyeji wamewapa jina la wahamaji wenye mvi. Juni ikiingia wanalifuata jua kaskazini kama ndege.

Nyoka wa sumu wapo, sikatai. Ila wakati wa baridi hujificha, na safari nzima sikumwona hata mmoja. Nilichokiona ni inzi. Mamba nao ni wa kaskazini. Nullarbor ni mawe ya chokaa, mvua inazama chini, hakuna hata mto wa kumfuga. Wanaokwenda kaskazini hukosea kwingine: wakisikia "mamba wa maji chumvi" wanadhani mto wa maji baridi ni salama. Mamba huyo hupanda mito hadi mbali kabisa na bahari, na ushauri wa kule ni kupiga hema angalau mita 50 kutoka ukingoni.

Mnyama aliyetutia hofu sisi ni kangaruu. Hutoka kula machweo na alfajiri, taa zinampumbaza, anaruka katikati ya lami. Ukiwa peke yako na gari dogo labda utamkwepa. Ukiwa na tani mbili mgongoni, kata usukani ghafla uone: karavani inakuchapa kama mkia. Kwa hiyo kila siku saa kumi jioni tulikuwa tumeshaegesha, chai iko jikoni.

Kuegesha wapi sasa? Hapo ndipo penye dhana inayowagharimu wengi, kwamba nchi ni tupu, lala popote. Utupu ule una wenyewe. Kuna mashamba ya mifugo ambayo utaendesha saa nzima hujayamaliza, kuna hifadhi, na kuna ardhi ya Waaborijini, wenyeji wa asili, ambako kupita tu njia kama Great Central Road kunataka kibali. Hata Uluru, ule mwamba mkubwa wa katikati ya nchi, huruhusiwi kupiga kambi ndani ya hifadhi. Wageni hulala Yulara, kijiji cha jirani, na kuupanda mwamba kumepigwa marufuku tangu tarehe 26 Oktoba 2019. Sehemu za kulala bure zipo kando ya barabara, nyingine hazina maji wala choo. Choo unacho mwenyewe: kisanduku chini ya kiti, na kinamwagwa mahali maalumu tu. Kazi hiyo ni ya Baba Zuhura. Halikujadiliwa.

Dhana nyingine: jaza chakula cha safari nzima, mbele hakuna duka. Tuliisikiliza, tukajuta. Kuingia jimbo la Western Australia huvuki na matunda, mboga mbichi wala asali. Wanamzuia inzi wa matunda wa Queensland, na wanawakinga nyuki wao na magonjwa yasiyofika kule. Usiku wa kuamkia mpakani nikamenya kila kitu, karoti, viazi, vitunguu, nikavitia sufuria moja na kopo la tui, maana vilivyopikwa vinapita. Machungwa tukayala mpaka meno yakafa ganzi. Asubuhi afisa akafungua friji, akafungua kabati, akausogeza mfuko wa unga wa ugali, na nyuma yake chupa ya asali niliyoisahau kabisa. Hakunikaripia. Aliitia kwenye pipa taratibu, mimi natazama.

Mafuta? Katika barabara ya Eyre, ndiyo lami inayovuka Nullarbor, pengo refu kati ya kituo na kituo halifiki kilomita 200. Tatizo ni bei, na upepo wa magharibi unaoifanya gari ikokotayo mzigo inywe kama ngamia.

Wengine huamini jangwa ni joto tu. Alice Springs, mji wa katikati ya jangwa, usiku wa Julai huweza kushuka chini ya sifuri. Sisi kule Nullarbor tulijifunika blanketi mbili, na asubuhi nilikwangua barafu kwenye kioo kwa kadi ya benki.

Wala Nullarbor si tambarare tupu kama jina lake la Kilatini, "hakuna mti", linavyodai. Ukifuata lami, miti utaikuta sehemu kubwa ya njia. Kinachochosha ni kipande cha kilomita 146.6 baada ya Caiguna, kituo cha njiani, kisicho na kona hata moja, na yale malori marefu ya matrela mengi. Hapo redio ya upepo, chaneli 40, inafaa kuliko simu: simu mtandao umekata zamani, dereva wa lori anakusikia.

"Na ukiugua huko, si basi tena?" Wifi tena. Kuna madaktari wa ndege, huduma iliyoanza mji wa Cloncurry, Queensland, mwaka 1928, na barabara yenyewe ndiyo uwanja wao: vipande vimepanuliwa, vimechorwa mistari ya kutulia ndege. Tulipofika cha kwanza, Baba Zuhura alipunguza mwendo, akachungulia mbinguni kulia na kushoto, ndipo akakanyaga mafuta.